Vema za Peni Nyekundu

Jumanne, 2 Mei 2006
Panya wamekula kadi zangu za hesabu tena! Kumi na moja, zote za kugawanya. Gundi yangu ya unga wa ngano ndiyo inayowaita. Nimekata nyingine kwenye maboksi ya maji niliyoomba kwenye lodge ya watalii. Swali mbele, jibu na njia yake nyuma. Mtoto anachagua mwenyewe, anafanya, anageuza, anajisahihisha kwa penseli — na akikosa anaandika kwa nini. Ndivyo tulivyoonyeshwa kwenye semina Arusha. Darasa la Tano wako sitini na wawili, na leo hakuna aliyekaa kunisubiri niandike ubaoni. Hakuna! Nilizunguka tu, mikono haina kazi. Raha iliyoje. Na wasiwasi.

Alhamisi, 4 Mei
Baba Josephati kapanda hadi shuleni, tope mpaka magotini, daftari la mwanawe mkononi. Kalifungua mbele ya walimu wote. Anauliza vema za mwalimu ziko wapi. Penseli ni ya mtoto, sasa nani amefundisha? Huko Buger alikosoma yeye, mwalimu alimaliza peni nyekundu kila wiki. Nikamweleza kadi, semina, kila kitu. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Sawa, mwalimu. Sasa weka nyekundu." Nilitaka kulia, nikacheka.

Ijumaa, 5 Mei
Mkaguzi anakuja Jumanne. Mwalimu Mkuu, Mzee Emilian, kaniita pembeni. Mkaguzi ataangalia kazi zilizosahihishwa na mwalimu, na kwangu hataona hata moja. Ripoti ikiwa mbaya, boksi la kadi linakwenda jikoni kuwashia moto wa uji, nami narudi ubaoni. Hakufoka. Bora angefoka. Miezi mitatu ya kukata maboksi!
Nimekusanya madaftari yote.

Jumapili, 7 Mei
Nimetoka kanisani, hata chakula sikugusa. Madaftari sitini na mawili mezani, peni nyekundu mbili. Vema, vema, vema. Mwanzoni nilikuwa nasoma. Kufika la ishirini mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Hivi nafanya nini mimi? Naokoa kadi. Basi.

Jumatatu, 8 Mei
Nimerudisha madaftari. Kisha Laurencia akaja mezani — yule anayeng'ang'ania kadi moja mpaka aielewe, hata kengele ikilia. "Mwalimu, hii niliikosa. Umenipa vema." Kweli. Mwenyewe kaandika kwa penseli: nilisahau kubeba moja. Na juu ya maneno hayo, vema yangu, kubwa, nyekundu. Nikamwambia aache tu. Akauliza, afute yeye au nifute mimi? Nikamwambia akakae! Kwa ukali ambao sikuukusudia.
Leo hakuchukua kadi.

Jumanne, 9 Mei
Saa tano. Naandika kwenye benchi nje ya darasa langu, mvua inamwagika. Mkaguzi kafika, mama mmoja wa miwani, hana haraka. Ofisini kafunua madaftari matatu, kasifu. Mkuu akanikonyeza. Mara akasema anataka kukaa na watoto peke yake, mimi nisubiri nje.

Dirisha halina kioo, nasikia yote. Kawauliza nani husahihisha kazi zao. Halafu — Laurencia! "Sisi wenyewe. Hizi nyekundu mwalimu kaweka juzi tu, na yangu moja si ya kweli." Mkaguzi anamuuliza amejuaje. Mtoto anaeleza, hatua kwa hatua, bila kusita, mpaka pale alipopaswa kubeba moja. Hilo mimi sikumfundisha. Kalitoa kwenye kadi.

Naona aibu, masikio yanawaka. Na — Mungu anisamehe — nataka kupiga makofi.

Sasa mkaguzi anauliza kama yuko mwingine mwenye vema isiyo yake. Kurasa zinafunuliwa. Josephati kanyoosha mkono. Senteu naye. Mkuu kaja mlangoni, anatazama darasa, ananitazama mimi. Mikono saba. Kumi. Hawajamaliza kunisahihisha.