Ufa Uliopakwa Rangi

Shoga, uko wapi? Niko hapa chini ya daraja, lile la barabara ya juu ninalolipiga picha tangu mwaka jana.

Unaukumbuka ule ufa wa nguzo ya kati niliokuonyesha, nondo zimechomoza kama mbavu za ng'ombe mwenye njaa? Picha nilizipeleka ofisi ya madaraja. Leo wamenipigia: "Njoo uone, tumeshughulikia."

Nikaja mbio, moyo mweupe. Nakuta mafundi wameupiga lipu na kuupaka rangi. Basi!

Nikamuuliza msimamizi, "Na huko ndani je?"

Akasema, "Dada, si ulilalamika ufa unaonekana? Sasa hauonekani."

HAUONEKANI! Kasema hivyo hivyo, shoga, uso mkavu.

Halafu akajiweka sawa kando ya nguzo. "Hebu tupige picha moja ya kupeleka kwa wakubwa."

Na mimi nikapiga! Sijui nilipatwa na nini. Nguzo imetoka nzuri kama bibi harusi.

Mara lori likapita juu, kipande cha lipu kikanidondokea begani. Nikamwonyesha. Akanipangusa! "Vumbi tu hilo, dada."

Nimempigia mume wangu asipite huku. Ananiambia, "Mama watoto, umechelewa. Niko juu ya daraja, foleni imegoma, na watoto wamelala kiti cha nyuma."

Nimesimama tu naangalia juu, shoga. Sijui hata niombe magari yasogee au yatulie hapo hapo.