Karo Isiyopanda

Kambi ya Nakivale, Uganda, 24 Agosti 2013

Kaka yangu Léopold,

Sisi tungali wazima. Mahindi yameiva, na mama mkwe amerudi kuimba kwaya.

Mpwa wako Nathalie amepata fasi ya kusomea unesi katika chuo kimoja cha Mbarara. Chuo kimetangaza kwamba wanaoingia mwaka huu watalipa karo ileile mpaka wamalize. Wa mwaka ujao watalipa bei mpya. Mimi nilifurahi tu, lakini Nathalie hakutosheka. Tulikwenda ofisini, akamwuliza mhasibu, "Na sisi wakimbizi pia?"

"Nyinyi pia."

"Basi naomba uniandikie, mzee, upige na muhuri."

Yule bwana akacheka, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Wewe nasoma unesi ama sheria?" Lakini aliandika. Kaka, miaka yote hii sijathubutu kuomba ofisi yoyote iniandikie kitu. Nilisimama nyuma ya mwanangu nikiona fahari.

Ile pesa uliyotuma nipasuliwe jicho, nimelipia muhula wa kwanza. Nathalie alipojua alikataa, akasema atangoja mwaka mmoja. Nikamwambia, "Ukingoja, bei hii itakupita. Jicho moja linanitosha kulima." Alilia, kisha akakubali kwa sharti kwamba nisikufiche. Ndiyo maana nakuandikia.

Alianza Jumatatu. Jioni alinipigia simu akauliza jicho linauma vipi, na tangu lini. Nilimjibu kwa adabu, kama mgonjwa mbele ya daktari.

Dada yako akupendaye,
Annonciata