Beseni la Neema Liko Stoo

Jumamosi, mvua ya kutwa. Nimechoka hadi kope, lakini leo siandiki malalamiko.

Leo baba mkwe ameongea na mwanawe.

Hapa kwetu Dabani baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe, na mimi siingii yake. Waifai nayo iko sebuleni kwangu. Mume wangu akipiga video kutoka Juba, mzee alikuwa anakuja kusimama nje ya dirisha, namgeuzia simu. Tangu mguu wake uvimbe, haji tena. Nikawa mimi ndiye wa kubeba maneno, naenda hadi mlangoni kwake, narudi. Sasa kuna mambo baba hamwambii mwanawe kupitia kwa mke. Namwona anafungua mdomo, halafu anasema, "Basi mwambie tu tuko salama."

Hiyo "tu" imeninyima usingizi kuliko mtoto.

Asubuhi nikatoa ile ruta ya zamani, kisanduku cha kurusha waifai kilichobaki duka letu lilipofungwa. Nikaichokoa kwa sindano kwenye kitundu cha nyuma isahau mambo yake ya kale, nikafuata maelezo kwenye simu, Neema mgongoni, mpaka nikapata pa kuiambia ishike mtandao wa sebuleni iusukume mbele. Nikaiweka stoo ya mahindi, katikati ya nyumba zetu mbili, maana ikikaa mbali sana hata yenyewe haisikii kitu. Taa ikawaka kijani. Simu ya mama mkwe ikashika.

Stoo inavuja. Nikaifunika ruta kwa sufuria, nikaenda kupika kwa maringo.

Mama mkwe akaita kutoka kwake, "Mama Neema, hii kitu yako imekufa."

Nikazima, nikawasha. Nikaandika neno la siri upya. Machozi yakawa karibu. Nikafunua sufuria nione kama taa bado inawaka.

"Imerudi!"

Nikafunika.

"Imeenda."

Nikacheka peke yangu pale kwenye magunia. Nimeufungia mtandao ndani ya chuma, halafu nauliza kwa nini hautoki. Nikaleta beseni la plastiki la kuogeshea Neema, nikafunika na hilo, nikaacha upenyo ipumue.

Haijafa tena.

Jioni simu ikalia kule kwao. Nilikuwa bado stoo. Nikamsikia mzee, "Wewe, umekonda. Huko Juba hamna posho?" Mume wangu akacheka. Halafu mzee akamwambia mama arudishe mlango, na sauti zikashuka.

Walikaa sana. Sijui walisema nini, na sitauliza. Ndicho nilichokuwa natafuta tangu asubuhi.

Mama alipopita kwenda jikoni akaniambia, "Mzee anasema sasa upumzishe miguu."

Nitaipumzisha. Neema ameoga kwenye karai, amelia kidogo kwa baridi ya bati. Atazoea mwanangu. Beseni lake lina kazi ya babu.