Neno la Siri la Mkurugenzi

Jumatatu, 9 Machi
Mungu ni mwema, nimeamka bila maumivu ya goti. Masjala nimeifungua mimi, kama kawaida.

Mkurugenzi leo hana raha. Barua ya muundo mpya imekuja? Bado. Nusu saa baadaye anauliza tena – imekuja? Wizara nzima inasema idara mbili zitaunganishwa, na mkurugenzi mmoja atabaki hana kiti.

Saa nne ikaingia kwenye kompyuta, kwa jina lake: Muundo Mpya wa Serikali, Nani Anakwenda Wapi. Nikaifungua kwa neno lake la siri, kama ninavyomfungulia barua zake zote huu mwaka wa sita. Mwenyewe hajui hata pa kubofya. Alisimama nyuma yangu, pumzi shingoni. Fungua, dada. Na hicho kiambatisho cha chini, fungua. Nikafungua na cha chini.

Kioo kikawa cheusi. Akasema ni umeme. Umeme! Taa zinawaka.

Jumanne, 10 Machi
Kumbe mtego. Wenyewe kwa wenyewe!

Wamekuja mabwana wawili wa usalama wa mitandao, wakatukusanya ukumbini. Barua ile waliituma wao, kupima nani angemfungulia mwizi mlango. Hakuna kilichoibwa. Nikamshukuru Mungu – mapema mno.

Mkubwa wao alichora ngazi ubaoni. Juu Ofisi Kuu, chini yake kituo cha taifa cha mitandao, kisha wizara, kisha wakurugenzi. Chini ya wakurugenzi hakuchora kitu. Hapo ndipo nilipo.

Akasoma matokeo. Wakurugenzi kumi na mmoja, aliyenasa ni mmoja. Wetu. Ukumbi ukamgeukia yeye, yeye akanigeukia mimi. Akasema kwa upole kabisa kwamba jana hakugusa kompyuta, na aliyeiba neno lake la siri achukuliwe hatua.

Nilidhani anatania. Huyu nilimfundisha mimi kuandika dokezo!

Sasa kompyuta yangu imefungwa. Hata mashine ya kunakili inaikataa namba yangu.

Jumatano, 11 Machi
Wamebandika tangazo la usalama mlangoni pangu: Kikulacho ki nguoni mwako. Milango mingine haina. Mama wa chai kapita na birika, hakunimiminia. Na tunaimba naye kwaya moja.

Alhamisi, 12 Machi
Kikao cha nidhamu. Watu watano, na mimi kwenye kiti kifupi, magoti karibu na kidevu.

Wakataka nilitaje neno lenyewe. Nikalitaja: Mungu ni mwema, herufi zote zimeshikana, na namba moja mwishoni. Nikaeleza kwamba nilimchagulia mimi, kwa sababu alisema chagua lolote dada, mimi nitasahau.

Mwenyekiti akamuuliza mkurugenzi kama hilo ni neno lake.

"Mwenyekiti, mimi kanisani naonekana kwenye harusi tu. Hilo ni neno la mtu wa sala."

Wakacheka. Mwenyekiti akafuta machozi, akaita, "Mungu ni mwema!" Meza nzima ikaitikia, "Kila wakati!" Wakarudia tena. Na mimi – Baba nisamehe – mdomo ulitaka kuitikia kwa mazoea.

Wakanipa mawili: nikiri, nifukuzwe kimyakimya. Nikikataa, polisi, na kiinua mgongo nikisahau. Bado miaka mitatu nistaafu! Nikiwa na ushahidi niulete kesho saa nane mchana.

Mume wangu kasema mwenye nguvu mpishe. Kisha akageukia ukuta.

Nikapiga magoti. Katikati ya sala nikaikumbuka ile karatasi! Mkurugenzi alipokwenda safari ndefu aliniandikia kwa mkono wake: Dada, neno langu la siri unalo, fungua zote, jibu kwa jina langu. Niliiweka kwenye faili. Kwangu karatasi haitupwi.

Ijumaa, 13 Machi
Ipo. Ukurasa wa 17, mwandiko wake, sahihi yake. Nimelia nikicheka.

Kuinakili siwezi. Kuipiga picha siwezi, simu zinaachwa getini tangu Jumanne, ati usalama. Basi lazima faili lenyewe liende kikaoni. Na faili halitoki masjala bila kibali cha mkuu wa idara – sheria hiyo nimewasomea watu miaka ishirini na miwili. Nikajaza fomu vizuri. Namba ya faili, ukurasa, sababu. Nikaipeleka juu.

Mkuu wa idara ni nani? Ni yeye. Nilikumbuka nikiwa nimeshashuka ngazi.

Jibu limeletwa na dereva wake saa saba na robo. Kibali hakuna. Chini yake, mwandiko ule ule wa ukurasa wa 17: Faili hilo niletewe mimi, sasa hivi. Sahihi, muhuri, tarehe. Sina pa kukosoa.

Dereva yuko kaunta. Mama yangu, fanya haraka, bosi anangoja. Nimemwambia naandika kwenye daftari la kutolea mafaili. Daftari ninaloandika ni hili.

Kuchomoa ukurasa wa faili la serikali ni wizi. Mwaka juzi nilimshitaki mwenzangu kwa hilo. Alilia hapo hapo aliposimama dereva, ana watoto wadogo, nikamwambia sheria ni sheria. Sikumwombea hata siku moja.

Nimelegeza uzi wa faili. Kulegeza si kuchomoa. Kurasa za juu zimetoka, nimeziweka pembeni kwa mpangilio. Unaofuata ni wa 17.

Dereva anagonga kaunta kwa funguo za gari. Nimesema nakuja –