Vipimo vya Gauni Lako

Mdogo wangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Sisi wazima, cherehani yangu tu ndiyo inayokohoa.

Tiketi ya ndege ya kuja kwako niliyoimudu ni ile ya bei ya chini, isiyoruhusu begi. Basi nimejishonea koti, na ndani ni mifuko mwanzo mwisho: nguo, viatu, hata mkasi nilitaka kuutia, wateja wangu wakaniambia utanikamatisha uwanja wa ndege. Nilipolivaa nikapanda mizani ya muuza nyama, akaniuliza, "Fundi, nikuuze kwa kilo au mzima mzima?"

Nina maswali. Ndege ikiwa juu, mtu anahisi mwendo? Theluji ikianguka, ina sauti? Na jirani akipika huko, harufu inakufikia?

Lingine ni dogo. Vipimo vya gauni ulivyonitumia nimevisoma tena na tena. Kiuno hicho ulikuwa nacho ukiwa msichana wa shule. Kwenye simu unasema unakula vizuri, nami sikubishii. Ila mkono wa fundi haudanganyiki. Gauni nimelikata kwa vipimo ulivyoondoka navyo hapa nyumbani, na sirudi mpaka likuenee.

Ni mimi, dada yako mwenye koti.