Samahani Niliyoitoa Mezani Naichukua

Kwa Bibi, Barabara ya Kiwandani,
Harlow Mills,
New Brunswick.
8 Juni 2025

Shangazi Muriel mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua itakukuta salama huko Ohio, na ule mgongo uliokusumbua Pasaka umepoa. Huko joto limeshaanza? Hapa asubuhi bado tunavaa sweta, na visubi vinatutafuna mpaka nyuma ya masikio. Bibi mzima, goti tu ndilo linalomtabiria mvua. Baba naye mzima. Anakohoa kidogo, lakini anasema ni vumbi la mbao linamtoka taratibu kwa kuwa hakuna jipya linaloingia. Mimi sijambo.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Nadhani barua ya mwisho niliyokuandikia ni ile ya kukushukuru kwa viatu vya kutelezea kwenye barafu, na marehemu Mama ndiye aliyenishika mkono. Shule unajua niliiachia wapi, kwa hiyo ukiona makosa pita tu. Simu nimejaribu. Nikisikia sauti yako naulizia hali ya hewa halafu nampa Bibi.

Naandika kwa sababu ya maneno uliyomwambia Bibi Jumapili iliyopita. Unajua masikio yake, simu anaiweka sauti ya juu na kuilaza mezani, na sisi tulikuwa tunakula. Ulisema, "Mama, mwisho wa kununa basi. Lyle mwenyewe aliomba msamaha, na Delmar ameshamsamehe. Julai mnakuja kambini kwetu pale mtoni kama kawaida." Baba aliweka uma chini. Bibi akanitazama. Mimi nikatazama viazi.

Shangazi, huyo mumeo, Mjomba Delmar, amenisamehe nini?

Siku ile ya Pasaka ulikuwa jikoni unakata pai, ndiyo maana nadhani hukuona. Acha nikueleze, na Baba na Bibi watanisahihisha kama naongopa. Nilikuwa nimekaa pembeni ya Mjomba, kikombe changu cha chai kiko mbele yangu, sijakigusa. Mjomba alikuwa ameshamaliza nyama ya pili na amechangamka. Akamwambia Bibi, "Mama mkwe, mwakani tunaufuta ule mpaka. Tutakuhesabu kwetu. Utapenda, sisi hatuna baridi." Bibi akamwambia, "Kula, Delmar." Akacheka. Akamgeukia Baba, "Na wewe shemeji usinune. Jimbo letu la hamsini na moja, bwana. Mbao zako hazitalipa hata senti mpakani." Baba akaendelea kutafuna. Unamjua kaka yako, akikasirika anatafuna polepole.

Ndipo akaja kwangu. Kazini nilikuwa nimesimamishwa kabla ya Pasaka, na Mjomba alijua. Akasema, "Na huyu bwana mdogo naye, kiwanda kikifungwa aje kwangu Ohio, nitampa fagio." Akatupa mkono hivi, kama mtu anayefagia, akakipiga kikombe changu. Chai yote ikamwagika mapajani kwangu, ya moto.

Mimi nikasema samahani.

Nikasimama, nikachukua taulo, nikafuta meza. Mjomba akapiga paja akicheka. Akasema, "Mmeona? Ndiyo maana nawapenda hawa watu. Unawamwagia chai, wao wanakuomba msamaha." Wewe ukaingia na pai ukauliza tunacheka nini. Hakuna aliyekuwa anacheka isipokuwa yeye.

Shangazi, wewe umezaliwa nyumba hii, unaijua ile samahani. Mtu akikukanyaga dukani unasema samahani. Ukigongana na mlango unasema samahani. Wiki iliyopita pale dukani kwa akina Estey, mzee Hazen alikuwa anapindua chupa juu chini kwenye rafu. Sasa kila mtu anafanya hivyo. Ukiona kitu kimetoka kwenu unakisimamisha kwa kichwa, mwingine akija ajue si cha kununua, asipoteze muda kusoma maandishi madogo. Hazen naye hakuwa na miwani. Alishapindua rafu nzima ya achari ndipo mama Estey akamwambia, "Hazen, wewe mzee, hiyo anatengeneza binamu yako hapo ng'ambo ya kanisa." Hazen akazigeuza zote moja moja, na kila chupa aliyoigeuza aliiambia samahani. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Hiyo ndiyo samahani yetu. Ni ya kufanya watu wasigombane mezani mbele ya Bibi. Si kukubali kosa, na si kusema mwagia tena. Sasa nikisikia imesafiri mpaka Ohio na kugeuka kuwa mimi nimepiga magoti na Mjomba amenisamehe, nashindwa kulala. Kwa hiyo naichukua. Mwambie Mjomba ile samahani ya Pasaka Lyle ameirudisha mfukoni. Ile chai alimwaga yeye.

Utasema nimekuza jambo dogo. Mimi mwenyewe nilidhani ni dogo. Lakini nikitembea mjini naona kila mtu ana kikombe chake kilichomwagwa. Ushuru wa mbao huko kwenu walipouongeza, kiwandani waliondoa kwanza zamu ya usiku, halafu nusu ya zamu ya mchana. Baba amebaki siku mbili kwa wiki, kazi ya kupaka mafuta mashine ambazo hazizunguki. Mbao zimerundikwa uani, zimeshaanza kuwa kijivu. Mbao hizohizo ndizo walizojengea nyumba huko kwenu, na kambi ya Mjomba, ile nyumba ya mapumziko pale mtoni upande wa Maine, imejengwa nazo, mimi na Baba tulizivusha kwa pikapu na Mjomba akasema hajawahi kuona mbao iliyonyooka vile. Sasa wakubwa wenu wanasema hawahitaji kitu chochote chetu. Halafu palepale tunaambiwa wanatutaka sisi wote, na ardhi, na maji. Mtu gani anasema hahitaji maziwa yako huku anapima kamba ya kumfunga ng'ombe?

Baba hajapiga kelele hata siku moja. Lakini unaikumbuka ile bendera yenu ndogo kwenye baraza ya Bibi, uliyoileta ulipoolewa, iliyokaa sambamba na yetu? Siku moja alipanda ngazi akaishusha. Aliikunja vizuri kabisa, pembe kwa pembe, akaiweka kabatini kwenye vitambaa vya meza. Nilimuuliza kwa nini asiitupe. Akasema, "Kitambaa hakijamkosea mtu." Na kwenye mchezo wa hoki, ule wimbo wenu wa taifa ulipopigwa uwanja mzima ulizomea, mpaka watoto. Baba hakuzomea. Ila hakuvua kofia. Mimi nilizomea, Shangazi. Mimi ambaye hata kuagiza kahawa naona haya, nilizomea mpaka koo likauma, na sikusema samahani.

Uliniambia Pasaka, pale mlangoni, kwamba haya ni maneno ya wanasiasa na yatapita. Labda ushuru utapita. Baba anasema hata wakiuondoa kesho asubuhi na kutuletea maua, yeye ameshajua kwamba wanaweza. Zamani hakujua. Ghala la viazi la majirani pale ng'ambo ya mto likiungua tutapeleka gari la zimamoto kama kawaida, hilo usiwe na wasiwasi, na wao wangekuja kwetu. Lakini zamani tulikuwa tunaruka kitandani na kwenda. Sasa tutakwenda, ila njiani kuna mtu atauliza kwa nini.

Na kinachoniuma ni kwamba Mjomba si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningeshamsahau. Yeye ndiye alinifundisha kufunga ndoano, na mwaka wa msiba wa Mama ndiye alipanda juu ya paa la Bibi na theluji yote ile, hakuombwa. Mtu wa namna hiyo anapokucheka huku umeloa, unaanza kujiuliza siku zote zile alikuwa anakuonaje. Ndicho ninachojiuliza. Kwake yeye na kwa nchi yake yote.

Sasa kuhusu Julai. Tangu sijazaliwa tunavuka daraja siku ya taifa letu, tunalala kambini kwenu mpaka siku ya taifa lenu, na chungu cha maharagwe kimefukiwa kwenye makaa nyuma ya kambi. Ulipokata simu Jumapili, Baba alimwambia Bibi, "Mama, mimi sivuki." Bibi akaitazama simu. Nilijua anafikiria nini. Wewe unakuja Pasaka na Julai tu, na Pasaka hii uliondoka siku ya pili, na yeye umri wake unaujua. Nikawaza, Lyle, sema kwamba utakwenda, mzee asikose kumwona mwanaye. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa karibu kuomba msamaha mwingine.

Bibi akaniwahi. Akasema, "Wewe funga mdomo wako." Halafu akasema, "Shimo lichimbwe hapa, nyuma ya banda la kuni. Muriel akitaka kula maharagwe ya mama yake, daraja lina njia mbili."

Baba akamuuliza, "Na asipokuja je?"

Bibi akasema, "Basi nitajua nimezeeka bila mwanangu kwa sababu ya mzaha wa Delmar." Akaendelea kula. Lakini hakumaliza, na sahani yake niliiosha mimi.

Kwa hiyo nimechimba. Ardhi ya huku ina mawe kuliko ya kambini, nimevunja mpini wa sepetu moja. Jirani yetu Orville alipita akaniuliza namzika nani. Nikamwambia maharagwe. Akasema hewaa, akarudi na mtaimbo wake tukachimba wote, na alipomaliza akaniambia kwamba na wao mwaka huu hawavuki. Dada yake yuko Maine, ng'ambo tu ya mto, Orville anauona moshi wa nyumba yake akiwa shambani, na hawavuki.

Nakuomba uje, Shangazi. Sikuombi kwa adabu, nakuomba kwa kweli. Mimi sitavuka daraja lile mwaka huu, na sijui lini nitavuka. Hasira hii siichezei, na sidhani itakwisha mvua za vuli zikianza. Lakini si ya kwako. Ukija, mimi mwenyewe nitakusubiri upande wetu, hapo walipopanda maua, nikubebee mizigo.

Mjomba akitaka kuja, aje pia. Hakuna atakayemfukuza, chakula kitakuwepo. Ila asije na lile neno, wala kwa mzaha, wala kwa kunong'ona. Na kabla hajakaa aniambie kitu kimoja tu, kile ambacho sisi huku tunakisema hata kwa mlango. Akikisema nitamwamini? Hapo sijui. Nitampa sahani. Kuamini nitaona polepole, labda miaka. Akishindwa kukisema, abaki kambini kwake ale soseji zake peke yake, na wewe vuka.

Wasalimie binamu Kendra na mumewe, na umwambie Kendra kwamba yeye sina neno naye, ila asinitumie tena zile picha za kuchekesha zenye ramani isiyo na mpaka. Msalimie na yule jirani yako mama Pruitt anayempelekea Bibi kadi. Baba anakusalimu. Hasemi zaidi ya hapo, lakini amekaa mezani muda wote ninaoandika na ameninolea penseli. Orville na mama Estey wanakusalimu, na mzee Hazen anakwambia uje na miwani yake aliyoisahau kambini mwaka jana, dukani anaharibu.

Mungu akulinde njiani na akupunguzie mgongo. Bibi amenisikiliza nikimsomea barua hii yote, ameniambia nisifute kitu. Ameongeza moja tu. Anasema watu wa mpakani wakikuuliza unakwenda wapi usihangaike kueleza mambo ya sherehe. Wafungulie pasi yako, ile yenu ya bluu, pale walipolazimika kuandika ulizaliwa nchi gani, uwaambie unakwenda hapo.

Mimi mwenye hasira, na bado mtoto wa kaka yako,
Lyle