Ganzi ya Mgongoni

Kerenge, Korogwe

Kaka yangu Awadhi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Handeni, wewe, wifi Chausiku na watoto. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Nakuandikia kwa kuwa simu yangu unaikata kabla sijamaliza kusema.

Baba amerudi nyumbani. Ule mshipa mkubwa wa damu uliokuwa umevimba tumboni umetengenezwa. Kidonda kimeanzia chini ya kifua kikapita kitovu, lakini kinafunga vizuri, na kwa mkongojo anafika msikitini.

Kabla ya upasuaji, daktari wa usingizi, mama mmoja mpole, alitueleza kwamba kidonda cha namna ile huuma mno, na mgonjwa akiogopa kuvuta pumzi na kukohoa, mapafu huharibika. Akashauri mrija mwembamba uwekwe mgongoni, ganzi ipite kidogo kidogo hata baada ya kushonwa. Baba akasema haiingii sindano mgongoni mwake bila kauli ya mwanawe mkubwa. Nikatoka nje kukupigia. Ukanifokea kwamba mtu akichomwa uti wa mgongo hainuki tena, na kwamba sisi wanawake tunadanganywa upesi.

Mrija uliwekwa. Baba alipozinduka alikohoa, akaketi, akaomba uji. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyeukataa, alilia mpaka sauti ikamkauka.

Najua unajiuliza ilikuwaje. Nilirudi kitandani nikamwambia baba, “Awadhi amekubali.”

Tangu hapo, kila anayekuja kumjulia hali anaambiwa, “Mwanangu ana akili. Angekataa, maumivu yangenimaliza.” Na juzi amewaita wazee, akatamka mbele yao kuwa shamba la michungwa la bondeni ni lako, kwa vile ulifikiri sawasawa wakati wa shida. Shamba hilo nalipalilia mimi tangu nilipoachika. Nilikuwa nawamiminia wazee chai, nikaendelea kumimina.

Sijamwambia kitu. Mwili wake bado dhaifu, na furaha aliyonayo ndiyo hiyo. Lakini wewe nimeona ujue unashukuriwa kwa lipi. Anakungoja uje akubariki kwa mkono wake. Ukipenda mwambie ukweli, ukipenda inamisha kichwa upokee. Mimi sitakuuliza.

Nibusie watoto. Wifi mwambie unga wa muhogo aliouomba nimeshamtwangia.

Ni mimi mdogo wako,
Mwatumu